Santuri Uliyoiacha Mezani

Tulia, Kitui
9 Oktoba 1989

Kwa binti yangu Nthenya,

Pokea salamu zangu mimi baba yako, na za mama yako Kavata, ambaye hivi sasa yuko nje anapepeta pojo huku akinichungulia dirishani aone kama leo kweli naandika au nimeinuka tena. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya huko Nairobi, na kwamba kile kikohozi ulichokuja nacho Agosti kimekuachilia. Sisi hatujambo. Jua ni kali na mto umekauka, watu wanachimba mchangani kupata maji, lakini hayo si mageni kwako. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike. Nakuandikia kwa Kiswahili kama nilivyokuzoesha ulipokuwa shule ya bweni. Ndiyo lugha ambayo mimi na wewe tumezoea kuambiana mambo mazito.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Naandika salamu, naandika habari za mifugo, kisha kiti kinanichoma na ninajikuta niko zizini, au njiani kwenda sokoni bila kitu cha kununua wala cha kuuza. Mama yako anasema nimekuwa kama kuku anayetaka kutaga. Juzi nilianza kurekebisha ua wa upande wa barabara, nikauacha katikati, nikaenda kunoa jembe ambalo halina kazi mpaka mvua inyeshe. Ua bado una pengo. Mbuzi wa jirani wanapita hapo wapendavyo.

Wacha nianze na siku ile uliyokuja. Unaijua kwa upande wako; nataka uijue na kwa upande wangu.

Uliingia umebeba gramafoni ya betri uliyoazima kwa mpiga tarumbeta wa bendi yenu, na kwapani una santuri yako ya kwanza. Nilishika jalada lake kwa mikono miwili. Nikaona picha yako umefumba macho, na juu yake limeandikwa jina, Nthenya Mbuvi, na chini jina la albamu, Maji ya Mchanga. Jina langu, mwanangu, nimezoea kuliona kwenye barua za kazi na kwenye ubao wa shule. Sikuwahi kufikiri kuna siku litasimama pamoja na lako mahali kama pale. Nilitaka kusema hivyo. Nikakohoa tu.

Ulitueleza kwamba humo ndani mna nyimbo kumi za jazi na bluzi, na kwamba moja ni ya Kikamba, na kwamba hukutaka mtu yeyote wa nyumbani aisikie redioni kabla sisi hatujaisikia kwako. Ukaweka sindano. Kisha ukaenda kusimama mlangoni, umetupa mgongo, unatazama nje, kama mtoto anayengoja kusomewa matokeo ya mtihani. Mama yako alianza kulia kabla wimbo wa kwanza haujakwisha. Mimi nilikaa nikiitazama ile sahani nyeusi ikizunguka. Uliigeuza upande wa pili, ukarudi mlangoni, na mimi bado nimekaa. Halafu katikati ya wimbo niliinuka, nikakupita pale mlangoni, nikaenda kuwafungua mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefunguliwa tangu asubuhi. Nilisimama katika zizi tupu nikishika mti wa lango, mpaka mama yako alipokuja kunichukua.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba nilipokuwa nikipita uliniuliza, "Baba, ni mbaya kiasi hicho?" Nami sikukujibu. Sikugeuka hata shingo. Jioni ile hukusema na mimi tena, na asubuhi uliondoka bila kunywa chai. Gramafoni ulienda nayo, santuri ukaiacha mezani.

Nthenya, tangu asubuhi ile sijatulia. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwomba mama yako anisimulie nyimbo zako. Akakubali, tukakaa jikoni. Akasema unaimba kama mtu aliyeteka maji mbali na hataki hata tone limwagike. Akasema ule wimbo wa Kikamba unauliza mto maji yake umempa nani. Alipofika hapo akalia, na kila nikimrudisha hapo analia, mwisho akaniambia sauti ya mtu haisimuliwi, nimwache apike.

Utashangaa kwa nini mtu mwenye masikio kichwani aombe kusimuliwa santuri iliyopigwa mbele yake. Vumilia. Sababu nitakupa, na sitaweka kalamu chini kabla sijakupa.

Nilifunga santuri ndani ya leso ya mama yako nikapanda basi hadi Kitui mjini, kwa Halima. Unamkumbuka, yule mjane anayeuza leso karibu na msikiti, ambaye mumewe, marehemu Abdulatif, alikuja na gramafoni yake kutoka pwani na akawa anaifuta vumbi kila siku kana kwamba ni mtoto. Nilimwambia nataka aisikilize na aniambie alichosikia, wimbo baada ya wimbo, bila kunificha. Halima ni mtu wa busara. Alinitazama, akarudisha mlango wa duka nusu, akaweka sindano. Kila wimbo ukiisha anainua sindano, anageuka, ananikalia uso kwa uso, anasema polepole.

Aliniambia wimbo wa kwanza tarumbeta inatangulia, inajikohoza kama mzee anayetaka kusema mbele ya wakwe. Kuna gitaa la besi linalotembea chini yako bila haraka. Aliniambia sauti yako ina moshi ndani yake, kama chai iliyochemshwa kwa kuni, na kwamba wanaokunywa chai ya stovu hawataelewa. Kisha akasema jambo lililonikasirisha. Akasema, "Mwalimu, mtoto huyu anachelewa. Ngoma imefika, yeye bado. Unaogopa kwamba ameachwa. Halafu anaingia taratibu kama mwenye nyumba."

Nilimwambia hilo haliwezekani. Nilimwambia mimi mwenyewe nilikufundisha kuingia na pigo la kwanza, si kabla wala baada, na kwamba hakuna mtoto aliyepita kwenye kwaya yangu anayechelewa. Halima akacheka, akairudisha sindano nyuma, akasikiliza tena huku amefumba macho. Akaniambia kuna kuchelewa kwa asiyejua njia, na kuna kuchelewa kwa anayejua kwamba hawawezi kuanza kula bila yeye. Akasema, "Anawangojesha, mwalimu."

Neno hilo nilizunguka nalo mjini mchana kutwa. Nilipita soko la ng'ombe, nikapita stendi, nikarudi msikitini, nikienda na kusema moyoni, anawangojesha, anawangojesha. Basi la kurudi nusura liniache.

Lakini mimi ni mtu wa nota. Halima alinipa sura na harufu ya nyimbo zako, nota hakunipa. Ndipo nikamwendea Musyoka. Wewe wamjua Musyoka alivyo. Nilimfundisha solfa, ile do re mi ya kwaya, mimi mwenyewe, akawa msaidizi wangu, na kanisa lote lajua kwamba kwa muda mrefu amekuwa akikitazama kiti changu cha kwaya kama mtu anayetazama shamba la jirani lenye udongo mzuri. Siku hizi anafundisha sekondari, na shule yao ina gramafoni. Nilimwomba aniandikie nyimbo zako zote kwa solfa. Akaniuliza kwa nini nisiandike mwenyewe, na hali ni mimi niliyemfundisha. Nikamwambia macho yamechoka. Hakuniamini, niliona. Lakini akaichukua.

Alinirudishia karatasi akiwa amekonda uso. Aliandika kwa unadhifu wake ule ule wa kukera, kila pigo mahali pake, isipokuwa kwenye wimbo wa Kikamba. Kila ulipofika mahali fulani katika mstari wa tatu aliacha nafasi wazi. Akanieleza kwamba kuna nota pale si mi, na si ile iliyo chini ya mi. Aliipiga akairudia mpaka wanafunzi wakajaa dirishani. Akasema, "Iko katikati, mwalimu. Haina jina."

Nilizichukua karatasi nikaenda nyuma ya ghala, nikasoma. Nilipofika kwenye ile nafasi wazi, nikaijua. Mama yangu alikuwa akiiimba akisaga mtama, na wewe ulikuwa ukiiingiza katika nyimbo za Sunday school ukiwa mdogo. Nilikuwa nikisimamisha kwaya nzima unyooshe mi yako. Ukiinyoosha Ijumaa mbele yangu, Jumapili unairudisha ilivyokuwa. Sasa umeiweka kwenye santuri Kenya nzima iisikie. Nilicheka peke yangu pale nyuma ya ghala. Halafu nikashindwa kukaa, nikatembea hadi mtoni nikarudi, nikatembea tena.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia siku hiyo. Kabla sijaandika, kanisa likaniita.

Redio ilikuwa imepiga wimbo wako mmoja siku ya Alhamisi, na mtangazaji akataja jina lako lote, pamoja na jina langu. Jumapili baada ya ibada wazee wakaomba nibaki, na kwaya ikabaki, na mama yako akabaki ingawa hakuna aliyemwomba. Mwenyekiti alieleza kwamba watu wanauliza inakuwaje mwalimu wa kwaya ya kanisa awe na binti anayeimba nyimbo za mahoteli ya pombe, na jina la baba liko juu ya jalada kana kwamba ameweka mhuri. Pasta, ambaye ni mtu mpole, alitaka niseme tu kwamba nimekukanya, ili mambo yaishe na watu wakapike. Mzee mwingine akasema hata hilo si lazima. Akasema mwalimu anaujua muziki kuliko sisi sote, na nyimbo alipigiwa nyumbani kwake. Basi atuambie kwa kinywa chake, ni nyimbo nzuri au mbaya. Akisema, tutamwamini.

Ni jambo la heshima kuambiwa hivyo, Nthenya, na mimi nilitamani ardhi inipokee. Ningesema mbaya, ningebaki na kwaya yangu. Ningesema nzuri, ningekuwa baba mwema. Jibu lolote kati ya hayo mawili lingekuwa uongo, na uongo huo ungekuwa juu yako. Mama yako alikuwa ameniwekea mkono gotini kama kawaida yake. Niliuondoa, nikasimama. Nikawaambia siwezi kusema nyimbo za Nthenya ni nzuri, na siwezi kusema ni mbaya, kwa sababu sijazisikia. Nikawaambia, "Mimi sisikii."

Ndiyo hivyo, mwanangu. Mimi baba yako ni kiziwi.

Ilianza na homa ile niliyougua mwaka wa njaa, themanini na nne, wewe ukiwa umeshakwenda Nairobi. Kwanza zikapotea sauti za ndege, kisha za watoto, kisha soprano. Nilidhani waimbaji wamelegea, nikawa nawagombeza. Mama yako alinipeleka Mutomo, kwenye hospitali ya misheni, daktari akanichunguza kwa subira akaniandikia kwenye karatasi kwamba mshipa wa sikio umekufa na haufufuki. Tangu mwaka wa themanini na sita sisikii chochote isipokuwa mngurumo kama lori linalopanda mlima kwa mbali, na hilo lori halifiki. Watu nawasoma midomo. Kikamba nakisoma vizuri, Kiswahili si haba. Kwaya niliiongoza kwa kutazama vifua na vinywa vyao. Musyoka anatoa nota ya kwanza, na mama yako, katika safu ya alto, ananionyesha kwa kidole kama wako juu au chini. Ulipokuwa ukija nyumbani yeye alikaa kati yetu kila mara, akirudia maneno yako kana kwamba anayashangaa. Hukugundua kwa sababu tulijitahidi usigundue. Niliogopa ukijua utaacha kuimba mbele yangu.

Kwa hiyo siku ile uliposimama mlangoni ulinipa mgongo, na midomo yako sikuiona. Sikukuona ukiuliza. Niliitazama sahani ikizunguka, nikamwona mama yako analia, nikaona bega lako linakwenda na wimbo, na mimi niko nje ya nyumba yangu mwenyewe nikiwa ndani yake. Nilishindwa kuvumilia. Sikuinuka kwa sababu ya nyimbo zako. Niliinuka kwa sababu nilikuwa nikijifanya kuzisikia, na ni wewe niliyekuwa nikikudanganya.

Nirudi kanisani. Niliposema vile niliona vinywa vyote vimesimama. Hapo Musyoka akainuka. Nilijua kiti kimekwenda, nikajiandaa kumwona akishangilia. Lakini alichosema, nilichokisoma mwenyewe na mama yako akanithibitishia, ni kwamba yeye alijua tangu Pasaka. Siku hiyo alikosea, akatoa nota ya kwanza chini mno, besi wakakwama, na mimi nikaendelea kuongoza uso ukiwa umetulia. Alijua na hakumwambia mtu. Kisha akasema nyimbo zako amezisikiliza kuliko mtu yeyote aliye mle kanisani, kwa kuwa alizirudia mpaka betri zikaisha, na kwamba ndani yake hakuna neno ambalo hawezi kulisoma mbele ya darasa lake. Akasema kuna jambo moja tu linalomsumbua, nalo ni nota moja anayoshindwa kuiandika, na hilo ni kosa la karatasi.

Wazee, kama wazee, wakaahirisha habari yako. Hawajakukataza na hawajakubariki. Sijui wataamua lini, na sijui kama wataamua. Kwaya wakampa Musyoka. Ni haki. Mimi wamenipa kiti cha mbele, karibu na dirisha. Jumapili ya kwanza nilikaa pale nikawatazama wakiimba, nikawa sijui mikono yangu niiweke wapi. Nimeiweka mfukoni, nimeiweka chini ya mapaja, nimeshika Biblia. Bado inainuka yenyewe wimbo unapoanza. Mtoto aliyekaa nyuma yangu anacheka, na mama yake anamfinya.

Uliniuliza kama ni mbaya kiasi hicho. Jibu lake sina, Nthenya, na sitakuwa nalo. Ningeweza kukutungia, lakini umekuwa mwanamuziki mkubwa na ungejua. Nilicho nacho ni karatasi za Musyoka na maneno ya Halima. Kila jioni nazisoma wimbo mmoja mmoja, nikikuchelewesha pale Halima aliposema unachelewa, na kwenye nafasi wazi naitia ile nota mwenyewe. Kichwani mwangu zinaimbwa vizuri sana. Lakini sauti ninayoisikia ni ya msichana wa miaka kumi na tisa, aliyesimama mbele ya kanisa letu Krismasi moja kabla ya njaa. Ndiyo sauti yako ya mwisho niliyo nayo. Hiyo yenye moshi sinayo, na ninaitaka, na ndiyo maana sikai.

Kwa hiyo nakuomba jambo. Njoo nyumbani. Usilete gramafoni. Kaa mbele yangu, si mlangoni, uziimbe nikutazame. Mkono wangu nitauweka mgongoni kwako, hapo chini ya shingo, kama nilivyokuwa nikifanya nikikufundisha kupumua. Sijui nitapata nini. Pengine nitapata pumzi tu. Nitaridhika, au nitatembea tena hadi mtoni. Mama yako ameshazoea.

Wasalimu wenzako wa bendi, hasa huyo mwenye tarumbeta, umwambie gramafoni yake ilifanya kazi yake vizuri. Halima anakusalimu sana, anasema santuri nyingine ikitoka apelekewe yake mwenyewe. Musyoka naye anauliza, kwa heshima zote, ile nota unaiandikaje. Mama yako anataka uje kabla ya mvua, barabara isije ikaharibika. Mimi nasema njoo siku yoyote. Na ukifika usipige hodi. Ingia tu.

Ni mimi baba yako akupendaye,

Mbuvi